Kanisa la Falmouth, Jamaika: kisa cha jengo lililovunjwa na mgambo

Jumanne ya tarehe 7 Februari 1832, wanamgambo wa wilaya ya St Ann walikuwa wakifunga mizigo warudi kwao. Walikuwa wameletwa Falmouth, mji mdogo wa bandari kaskazini mwa Jamaika, wakati huo koloni la Uingereza, kuzima uasi wa watumwa, na kambi yao ilikuwa ndani ya kanisa la Wabaptisti. Siku ya kuondoka wakalibomoa. Hawakufanya kwa siri. Kesho yake kanisa la Montego Bay, mji wa jirani upande wa magharibi, nalo likashushwa chini. Mtindo huo ulipotulia, makanisa zaidi ya kumi ya Wabaptisti na kadhaa ya Wamethodisti yalikuwa vifusi.

Kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi wa kanisa, habari kama hii inauma kuliko inavyoonekana kwenye maandishi. Tunajua jengo la kanisa linatoka wapi. Linatoka kwenye sadaka za Jumapili, ahadi zilizocheleweshwa na mama aliyeuza kuku wake wawili ili jina lake lisibaki na deni kwenye daftari la mweka hazina. Falmouth ilikuwa vivyo hivyo, ila waliochanga walikuwa watu ambao kisheria wao wenyewe walihesabiwa kuwa mali ya mtu.

Leo kanisa hilo linaitwa William Knibb Memorial, kwa jina la mchungaji Mwingereza aliyelihudumia tangu 1830 hadi alipofariki 1845. Knibb anastahili heshima yake. Lakini kila nikiupitia upya mlolongo wa matukio naona kisa hiki kinasimuliwa kwa kuanzia mahali pasipo pake. Kinasimuliwa kama habari ya mchungaji shujaa na kanisa lake. Mimi nakisoma kama habari ya watu waliokuwa mbele ya mchungaji wao, na ya jengo ambalo, lilipokuwa limesimama, lilimfunga mdomo, na lilipoanguka, likamfungua.

Wabaptisti walikuwepo kabla ya Waingereza

Falmouth ilianzishwa mwaka 1769 na tajiri wa mashamba aitwaye Thomas Reid. Mji ulipewa jina la Falmouth ya Cornwall, alikozaliwa gavana wa wakati huo, Sir William Trelawny, na wilaya nzima ikabeba jina la gavana mwenyewe. Kazi ya mji ilikuwa moja: kupakia sukari na pombe ya miwa melini, na kupokea watu waliotekwa Afrika. Mashamba ya miwa yaliuzunguka kwa makumi.

Imani ya Kibaptisti haikuletwa kisiwani na wamishonari wa Kiingereza. Aliyeileta ni George Liele, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Marekani, akapata uhuru wake, akahubiri Georgia, kisha akafika Kingston mwaka 1783. Mmoja wa waliobatizwa naye, Moses Baker, ndiye aliyepeleka neno hilo upande wa magharibi wa kisiwa, kwenye mashamba ya St James, jirani kabisa na Trelawny. Sheria zilipozidi kubana wahubiri weusi, watu hawa wakaandika barua Uingereza kuomba msaada. Kwa maneno mengine, walioalika ni wao. Mmishonari wa kwanza aliyetumwa na chama cha misioni cha Wabaptisti, John Rowe, alifika 1814, akaanzisha shule Falmouth, na miaka miwili baadaye akawa amekufa. Toka Liele hadi Rowe ni miaka 31. Katika miaka hiyo yote ibada zilifanyika, watu walizamishwa mitoni, na wazee wa kanisa walikuwepo.

Kanisa lenyewe la Falmouth lilisimamishwa 1827 chini ya mchungaji James Mann. Naye hakukaa. Februari 1830 alifariki, kama wengi waliomtangulia. Kisiwa kile kiliwamaliza wamishonari kwa homa. Thomas Knibb, kaka yake William, alifariki Kingston mwaka 1824, na William, kijana mpiga chapa wa Bristol, akaja mwanzoni mwa 1825 kushika nafasi ya marehemu.

Mann alipofariki, washirika wa Falmouth walitaka Knibb. Mchungaji Thomas Burchell wa Montego Bay, aliyesimamia kikao, alieleza katika barua jinsi kura ilivyopigwa: kanisa zima lilisimama kwa pamoja, kila mtu akainua mikono yake yote miwili badala ya mmoja, kisha wakaangua kilio. Nalishikilia hilo la mikono miwili. Hawa ni watu ambao hawakuwa na kura mahali pengine popote duniani. Hawakuchagua bwana, hawakuchagua kazi, hawakuchagua hata kama watoto wao wangebaki nao. Ndani ya jengo hilo walichagua mchungaji.

Tikiti na madarasa

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, na ndipo wengi wanapopita haraka.

Mchungaji mmoja hakuweza kuwafikia washirika waliotawanyika kwenye mashamba mengi, ambao hawakuruhusiwa kutoka bila kibali. Kwa hiyo kanisa liligawanywa katika madarasa. Kila darasa lilikuwa na kiongozi wake, mara nyingi mtumwa wa shamba hilohilo, mwanamume au mwanamke, aliyewajua watu wake kwa majina na kwa vibanda vyao. Kila mshirika alikuwa na tikiti, kipande cha karatasi kilichothibitisha kwamba ni wa kanisa fulani, nayo ilifanywa upya kila baada ya miezi mitatu. Waliokuwa bado wanafundishwa nao walikuwa na tikiti zao.

Wapinzani waliudhihaki utaratibu huu, wakidai wachungaji wanauzia watu vikaratasi vya kwendea mbinguni. Hata wamishonari wa madhehebu mengine waliulalamikia. Ila hebu uangalie kwa jicho la aliyekuwa na tikiti. Karatasi nyingine zote zilizokuwa na jina lake zilikuwa za bwana wake: orodha ya mali, hati ya mauzo, kibali cha kutoka. Tikiti ya kanisa ilikuwa karatasi ya pekee iliyomtaja kama mtu aliyejiunga na kitu kwa hiari yake.

Na utaratibu huo ulifanya jambo jingine. Uliwaunganisha watu wa shamba hili na la kule, chini ya viongozi waliokutana mara kwa mara na kuaminiana. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya soko, siku ambayo watu walishuka mjini na viazi vikuu na ndizi walizolima kwenye vishamba vyao wenyewe. Senti zilizopatikana sokoni ndizo zilizoingia kwenye kapu la sadaka. Habari za sokoni na habari za kanisani zilirudi mashambani kwa njia moja. Wenye mashamba hawakuwa wajinga walipoliogopa jengo lile. Waliona sawasawa kwamba watu wao wamepata chombo cha kuwaunganisha.

Ndiyo maana sala yenyewe ikageuzwa kosa. Wakati wa Pasaka ya 1830, Knibb alipokuwa bado Savanna-la-Mar, mji wa magharibi mwa kisiwa alikohudumu kabla ya Falmouth, na akiwa mgonjwa, shemasi wake Sam Swiney, mtumwa, aliongoza watu wachache kusali nyumbani. Mahakimu walisema kusali mbele ya watu ni kuhubiri, na kuhubiri bila leseni ni marufuku. Swiney alihukumiwa mijeledi 20 hadharani na wiki mbili za kazi ngumu barabarani akiwa amefungwa mnyororo na mfungwa mwingine. Knibb alikwenda kusimama naye wakati akipigwa, na alipopelekwa barabarani akatembea kando yake mji mzima ukitazama. Kisha akaipeleka habari gazetini. Kesi ilifika London, na mahakimu wale wakaondolewa kazini.

Tukio hilo linanipa heshima kubwa kwa Knibb. Lakini nani alianza? Alianza Swiney, aliyesali akijua sheria inasema nini.

Krismasi ya 1831

Mwaka 1831 Krismasi iliangukia Jumapili, na wenye mashamba wakaona hiyo ni nafasi ya kuwapunja watu siku ya mapumziko. Huo ulikuwa mwiba mdogo juu ya kidonda kikubwa. Habari zilikuwa zimeenea kwamba mfalme ameshaandika hati ya uhuru na mabwana wameificha.

Samuel Sharpe, shemasi wa kanisa la Burchell huko Montego Bay, alijua kusoma na alifuatilia magazeti. Mpango alioupitisha kupitia mikutano ya maombi na viongozi wa madarasa ulikuwa mgomo: baada ya Krismasi hakuna atakayeingia shambani mpaka alipwe mshahara. Watu waliapa juu ya Biblia. Usiku wa Jumanne, tarehe 27 Desemba, moto uliwashwa kwenye shamba la Kensington, juu ya vilima vya St James, na mgomo ukageuka vita.

Siku hiyohiyo ya tarehe 27, saa chache kabla ya moto, Knibb alikuwa Salter's Hill, huko St James, kufungua kanisa jipya. Alipopata fununu ya yanayopangwa alisimama akawaambia watu kwamba hakuna sheria yoyote ya uhuru iliyopitishwa, kwamba wamedanganywa, na kwamba warudi kazini. Alisema hayo kwa uchungu wa mtu anayewapenda. Watu walimsikiliza kwa hasira. Wengi walihisi wamesalitiwa, na baadhi walidhani amehongwa na mabwana.

Wasimulizi wengi hulipita jambo hili kwa sentensi moja kwa sababu linamharibia shujaa sura. Mimi naona bila hilo kisa hakieleweki. Wamishonari walikuwa wamekuja na maagizo ya wazi kutoka London: hubirini Injili, msiguse siasa za kisiwa. Knibb alikuwa ameuchukia utumwa tangu wiki ya kwanza aliyofika, na barua zake zinaonyesha hivyo. Kilichomzuia ni nini? Alikuwa na leseni ya kuhubiri ambayo mahakimu waliweza kumnyang'anya. Alikuwa na shule. Alikuwa na jengo. Neno moja la hatari juu ya mimbari, na vyote vinafungwa, na watumwa maelfu wanabaki bila mahali pa kukusanyika. Hiyo haikuwa sababu ya woga mtupu, ilikuwa hesabu. Jengo lilikuwa dhamana, na aliyeishika dhamana hiyo ni adui.

Sharpe hakuwa na jengo la kulinda. Ndiyo maana aliweza kufikiria mgomo.

Uasi ulizimwa ndani ya wiki chache. Watumwa hadi 60,000 walihusika kwa namna moja au nyingine. Wazungu 14 walikufa. Watumwa zaidi ya 200 waliuawa katika mapambano, na wengine zaidi ya 300 walinyongwa au kupigwa risasi baada ya kesi za haraka. Sharpe alinyongwa Montego Bay tarehe 23 Mei 1832. Kabla ya hapo alisema angependa kufa juu ya mti ule wa kunyongea kuliko kuishi utumwani.

Vile vita wazungu wa kisiwa waliviita Vita vya Wabaptisti, na hasira yote wakaielekeza kwa wachungaji. Knibb alikamatwa Falmouth mwanzoni mwa Januari, akapelekwa Montego Bay kwa mtumbwi, chini ya ulinzi, kando ya pwani ambayo moshi wa mashamba ulikuwa bado unaonekana. Walitafuta mashahidi wa kusema kwamba ndiye aliyewachochea watu. Kesi ikakosa miguu, mashtaka yakafutwa. Lakini kufikia wakati huo kanisa lake lilikuwa limeshakuwa rundo la vifusi.

Walivunja nini?

Wanamgambo na wenye mashamba walijua wanachokifanya, na papo hapo hawakujua. Walitaka kukata kamba iliyowaunganisha watumwa. Lakini kamba hiyo haikuwa kwenye kuta. Ilikuwa kwenye madarasa, na madarasa yalikutana vibandani. Kuvunja kanisa hakukumwondoa kiongozi hata mmoja wa darasa ambaye mti wa kunyongea haukuwa umemwondoa tayari.

Walichokivunja kweli ni dhamana. Knibb wa Machi 1832 hakuwa na leseni ya kuogopea, hakuwa na shule wala paa. Washirika wake pamoja na wachungaji wenzake walimtaka aende Uingereza aseme yote. Akaenda. Juni 1832, kwenye mkutano mkuu wa chama cha misioni katika kanisa la Spa Fields, London, katibu wa chama alijaribu kumtuliza kwa kuivuta koti yake kwa nyuma. Knibb aliendelea. Alisema kwamba hatanyamaza tena, na kwamba kama marafiki wa misioni hawatamsikiliza, atageuka amwambie Mungu wake. Kisha akazunguka Uingereza na Uskoti akihutubia kumbi zilizojaa, na akatoa ushahidi mbele ya kamati za mabaraza yote mawili ya Bunge.

Kwa wasikilizaji wake, kanisa lililovunjwa lilikuwa na nguvu kuliko hoja yoyote. Waingereza wengi walikuwa wamezoea kusikia juu ya utumwa na kusema ni biashara ya mbali. Kuambiwa kwamba maofisa wa Mfalme wamebomoa nyumba za ibada kwa sababu watu weusi walisali ndani yake, hilo liliwagusa pale walipokuwa wepesi kuguswa. Sheria ya kukomesha utumwa ilipitishwa Agosti 1833.

Nisiseme kwamba kanisa la Falmouth pekee ndilo lililoleta sheria hiyo. Moto wa Kensington ulifanya kazi kubwa zaidi, maana uliionyesha London kwamba utumwa sasa ni ghali kuulinda. Lakini moto peke yake ungeweza kusimuliwa na mabwana jinsi walivyotaka. Alihitajika mtu wa kuusimulia vinginevyo, na mtu huyo walimtengeneza wenyewe siku walipombomolea.

Fidia zilizolipwa ni sehemu ya kisa ambayo siwezi kuiandika kwa utulivu. Bunge lilitenga pauni milioni 20 kwa ajili ya wenye watumwa. Kwa makanisa yaliyovunjwa, serikali ililipa sehemu ya gharama na Wabaptisti wa Uingereza wakachanga iliyobaki. Waliokuwa watumwa hawakupata senti. Juu ya hayo, uhuru ulioanza tarehe 1 Agosti 1834 ulikuja na kile kilichoitwa uanagenzi: mtu aliendelea kumfanyia kazi bwana wake wa zamani saa 40 na nusu kwa wiki bila malipo.

Knibb alirudi 1834. Jengo jipya lilifunguliwa 1837, wakati washirika wake wengi wakiwa bado wanagenzi. Walilijenga wakiwa nusu huru.

Usiku wa tarehe 31 Julai 1838

Uanagenzi ulivunjika mapema kuliko ilivyopangwa. Uhuru kamili ukawekwa tarehe 1 Agosti 1838, na usiku wa kuamkia siku hiyo kanisa la Falmouth likafanya mkesha.

Ukitaka kuuona usiku huo, utazame kupitia saa ya ukutani. Jengo lilijaa, na nje kulijaa. Watu waliimba, kisha kadiri saa sita ilivyokaribia wakanyamaza. Knibb alisimama akainyooshea kidole saa. "Wakati umewadia," alisema, "zimwi linakufa." Saa ikaanza kugonga. Alingoja. Mlio wa mwisho ulipotoka akapaza sauti: "Zimwi limekufa! Mtu mweusi yuko huru!" Kelele iliyofuata, waliokuwepo walisema, hawajawahi kusikia mfano wake.

Kulipokucha walifanya maziko. Walikuwa wametengeneza jeneza, na ndani yake waliweka mnyororo, mjeledi na pingu ya chuma ya shingoni. Juu ya jeneza paliandikwa kwamba hapa amelala Utumwa wa Makoloni, aliyefariki tarehe 31 Julai 1838 akiwa na umri wa miaka 276. Toa 276 kwenye 1838 unapata 1562, mwaka ambao John Hawkins alichukua shehena ya kwanza ya Kiingereza ya watu kutoka Afrika Magharibi. Mtu fulani pale Falmouth alikaa akapiga hesabu hiyo. Jeneza likashushwa kaburini huku watu wakiimba, na mti wa uhuru ukapandwa.

Ningependa wasomaji wangu wakae hapo kidogo, hasa sisi ambao maziko kwetu ni jambo zito. Huziki kitu ambacho hutaki kukikiri. Watu hawa hawakuvitupa vile vyuma baharini, ingawa bahari ilikuwa hatua chache tu. Walivipa jeneza, jina, umri na tarehe ya kufa, kama anavyopewa binadamu, ili asije mtu kesho akasema havikuwahi kuwepo.

Baada ya shangwe

Wenye mashamba walipokosa mjeledi walishika kodi. Vibanda ambamo watu walizaliwa vikawa vya kupanga, na kodi ikapandishwa ili kumlazimisha mtu akubali ujira mdogo. Jibu la makanisa lilikuwa kununua ardhi na kuigawa viwanja kwa washirika. Vikazaliwa vijiji huru. Trelawny ilipata Refuge, Hoby Town na Kettering, hiki cha mwisho kikibeba jina la mji wa Uingereza alikozaliwa Knibb, ambako pia chama cha misioni kiliundwa tarehe 2 Oktoba 1792. Mtu mwenye kiwanja hakufukuzika, na akitimiza kiwango cha mali aliweza kupiga kura. Mikono ile miwili ya 1830 ilikuwa imepata mahali pengine pa kuinuka.

Mwaka 1842 Wabaptisti wa Jamaika walitangaza kwamba wanajitegemea, hawahitaji tena fedha za London. Mwaka uliofuata chuo cha kuwafundisha wachungaji wenyeji kikafunguliwa Rio Bueno, wilaya hiyohiyo, kwa jina la Calabar, bandari ya Afrika Magharibi ambayo wengi wa babu zao walipitishwa.

Jina hilo lilikuwa na maana. Gazeti la Wabaptisti lililochapwa Falmouth kuanzia 1839 lilijiita rafiki wa Afrika kwenye kichwa chake, na mwishoni mwa 1843 Wajamaika wapatao arobaini walipanda meli wakarudi kuvuka bahari, hadi kisiwa cha Fernando Po (leo Bioko), karibu na Kameruni, kupeleka Injili. Mwenzao Mjamaika, Joseph Merrick, alifungua kazi Bimbia, pwani ya Kameruni. Kutoka Kameruni, mwaka 1878, mmishonari Mwingereza George Grenfell alihamia Kongo, na mwaka huohuo alimwoa Rose Edgerley, mwanamke wa ukoo wa Kijamaika. Grenfell alipanda mto Kongo kwa meli yake hadi Maporomoko ya Stanley, akikuta njiani vijiji vilivyochomwa na misafara ya watu wa Tippu Tip. Baadaye Wabaptisti wakajenga Yakusu, karibu na Kisangani. Kwa hiyo ndugu zetu wa Kisangani, wanaosali kwa Kiswahili na Kilingala katika makanisa yaliyotokana na kazi hiyo, wana babu wa kiroho Falmouth, na wengi wao hawajawahi kuambiwa.

Ila mafanikio nayo yalikuja na mzigo. Majengo ya miaka ya 1830 na 1840 yalikuwa makubwa, na mengi yalijengwa kwa mkopo. Jengo likawa dhamana tena, safari hii mikononi mwa mdai. Bei ya sukari ilipoanguka baada ya Bunge kuondoa ulinzi wa ushuru kwa sukari ya makoloni mwaka 1846, mishahara ikashuka, sadaka zikapungua, na kanisa lililojitangaza huru likajikuta linaomba. Hata kabla ya hapo, Knibb mwenyewe alisafiri Uingereza kwa mara ya mwisho mwaka 1845 akitafuta nafuu ya madeni hayo. Nadhani tangazo la 1842 lilikuja mapema mno. Lilitoka kwenye furaha, na furaha haikuweka akiba.

Aliporudi hakukaa. Homa ya manjano ilimchukua ndani ya siku chache, tarehe 15 Novemba 1845, akiwa na miaka 42. Inasemekana watu 8,000 walimsindikiza hadi kaburini, kwenye uwanja wa kanisa la Falmouth.

Jina la jengo

Mji ulilala baada ya sukari. Meli za mvuke zilipokuwa kubwa hazikuiweza tena bandari yake, biashara ikahamia kwingine, na kwa kukosa fedha za kubomoa, Falmouth ikabaki na nyumba zake za zamani nyingi. Agosti 1944 kimbunga kilipiga kisiwa na kuliangusha kanisa la 1837. Washirika wakajenga tena, jengo dogo kuliko lile, na hilo ndilo linalosimama hadi leo. Tangu 2011 meli kubwa za watalii zinatia nanga Falmouth, na baadhi ya wageni hufika kanisani.

Kuhusu jina, nasema wazi: Sharpe, aliyetangazwa shujaa wa taifa la Jamaika mwaka 1975, mifupa yake imezikwa chini ya mimbari ya kanisa la Burchell huko Montego Bay, kanisa ambalo nalo lina jina la mchungaji. Kote kuwili jina la juu ya mlango ni la Mwingereza. Silalamikii heshima waliyopewa. Nalalamikia mgeni anayesoma kibao cha nje akaondoka akidhani ameshaelewa.

Aingie ndani. Ukutani kuna jiwe la marumaru lililochongwa sura za Knibb, Joseph Sturge, Granville Sharp na William Wilberforce, wazungu wanne waliopigania kukomeshwa kwa utumwa. Maandishi yake yanataja siku ya kuzaliwa kwa uhuru, tarehe 1 Agosti 1838, na yanasema ni nani aliyeliweka jiwe hilo hapo: wana wa Afrika waliowekwa huru. Na nje, juu ya kaburi la Knibb, orodha ya waliochangia mnara inawataja wachungaji wenzake, na marafiki wa madhehebu mbalimbali. Waliotajwa wa kwanza kabisa, mbele ya hao wote, ni waliokuwa watumwa.